Ndoano ya Sikio la Baba

Niko na habari, na nikianza na ile kubwa hamtasikiliza hizi zingine, kwa hivyo wacha nianze na kadude kadogo. Kadude kenyewe ni ka plastiki, hakana rangi, kamekunjwa kama ndoano ya samaki, na ukikaweka kwa kiganja halafu upige chafya hutakaona tena. Hako kadude nusura kanikoseshe bwana.

Baba yangu, Kinoti, anavaa mashine ya kusikia. Sikio la kushoto lilikufa akiwa kijana, alishikwa na homa mbaya, na la kulia likabaki nusu. Mashine yenyewe inatoshana na haragwe kubwa na inakaa nyuma ya sikio. Juu yake ndio kuna hiyo ndoano, inapinda juu ya sikio na kushikilia kila kitu. Ndoano imeshika kamrija laini, na kamrija kanaingia kwa moldi, ile plastiki iliyochongwa na umbo la sikio la Baba na la mtu mwingine hapana. Sauti inatoka kwa mashine, inapita kwa ndoano, inapita kwa mrija, inaingia ndani. Ni laini ya maji tu.

Naongea hivyo kwa sababu nilisomea mabomba. Ndiyo, mimi Karwirwa, msichana peke yangu darasani, diploma ya ufundi wa mabomba, chuo cha kule Embu. Na huko ndiko nilipatana na Mutugi wa Kanja, hapo hapo Embu, aliyekuwa darasa la umeme, na ambaye siku ya kwanza aliniuliza kama hizo spana zangu si nzito. Nikamwambia ashike moja. Akaiangusha kwa mguu wake. Tangu hapo hatujaachana.

Sasa kwetu huku Igembe, mtu akija kuomba msichana analeta nchoolo, yaani furushi la miraa safi limefungwa na majani ya ndizi. Linawekwa mbele ya baba ya msichana. Baba anamwita msichana, anamuuliza mbele ya watu wote, nifungue ama nisifungue? Msichana anajibu kwa sauti ya chini, kwa sababu ni aibu kupayuka kama mtu anauza nyanya sokoni. Akikubali, baba anafungua, na hapo umeposwa. Furushi likirudi na kamba yake, wageni wanabeba wanaenda, na hakuna mtu anauliza kwa nini.

Na kwa ukoo wetu kuna jambo lingine. Mwenye kufungua lazima awe amesikia jibu na sikio lake mwenyewe. Kuambiwa na mtu haitoshi. Kama baba hawezi kusikia, kiti kinaenda kwa kaka yake mkubwa, na kaka mkubwa wa Baba ni Mwongera.

Baba Mkubwa Mwongera hakuwa amejificha. Alikuja kwetu akakaa kwa jikoni, akaomba chai, akasema.

"Watu wa kahawa na maziwa. Mtu hajawahi kushika miraa maisha yake, eti ananiletea nchoolo. Kama ni mimi nitakuwa hapo kwa kiti, hilo furushi litarudi Kanja vile lilikuja."

"Kiti ni changu," Baba akamwambia.

"Ni chako ukisikia."

"Na nimekusikia."

Baba Mkubwa akamaliza chai yake. Hiyo ilikuwa Jumatano, na mashine ilikuwa inafanya kazi.

Alhamisi jioni Baba alitoka sokoni Kangeta, mahali anachagua miraa na kufunga, akafika nyumbani, akavua ile kofia yake ya sufu ya kuvuta hadi masikio. Kofia ikashika mashine. Nilisikia kitu kikilia kama kucha imekatwa. Baba akasimama katikati ya nyumba, kofia mkononi, akaniangalia mdomo. Nikajua. Akafungua kiganja: mashine upande mmoja, mrija na moldi upande mwingine, na ndoano imevunjika katikati, nusu imebaki kwa mrija, nusu imeng'ang'ana kwa mashine.

Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Mama akasema tuwapigie, tuahirishe. Baba hakusikia lakini aliona uso wake, akatingisha kichwa. Nchoolo haiahirishwi. Miraa ikikatwa imekatwa, na mtu akiahirishiwa hiyo siku anajua ameambiwa nini.

Ijumaa asubuhi mimi huyo Meru mjini, mashine imefungwa kwa karatasi ya choo ndani ya mkebe wa peremende. Nilienda kliniki ya masikio mahali Baba alipewa hiyo mashine. Nesi wa hapo, anaitwa Lydiah, akanisikiza vizuri, halafu akaniambia fundi ameenda vijijini kupima watoto wa shule na atarudi Jumatatu, na sanduku lote la vipuri ameenda nalo.

"Hakuna hata ndoano moja imebaki? Hata mbaya?"

"Hata mbaya." Akainua mashine kwa mwanga wa dirisha. "Na sikiza, usikubali mtu akwambie hizi zote ni sawa. Kila kampuni iko na yake. Kuna za kusukuma zinaingia, na kuna za kufungwa na meno kama nati. Ukilazimisha isiyo yake, hii shingo ya mashine itavunjika. Na shingo haiuzwi. Shingo ikienda, mashine imeenda."

"Na nikipata yenye inaingia?"

"Iingie kama imekuja nyumbani. Ikikataa kidogo, toa." Akanirudishia mkebe. "Enda na hicho kipande kilichovunjika, usikitupe. Kuna jamaa Majengo anauzanga betri za hizi mashine, Ishmael. Hununua na mashine za watu walioaga. Jaribu huko. Lakini mwangalie mikono."

Nilielewa maana ya mwangalie mikono nilipofika. Duka la Ishmael liko kando ya bucha, chini ya msikiti, na ni duka la kila kitu kilichokufa: redio, rimoti, simu, saa za ukuta zote zinasema wakati tofauti. Alinitolea mkebe wa maziwa ya watoto na kuumwaga kwa meza. Ndoano. Ndoano tupu, kama kucha za paka.

"Chagua, dada."

"Ni za kampuni gani?"

"Hizi zote ni sawa. Ni plastiki. Plastiki na plastiki zinajuana." Akachukua mashine kutoka mkononi mwangu kabla sijamaliza kupumua, akaona ile nusu imekwama kwa shingo, akachukua plaizi. "Hii tunang'oa."

"Weka chini."

"Ni kung'oa tu kidogo."

"Ishmael, weka plaizi chini. Hiyo haijasukumwa, imefungwa."

Akaniangalia. "Wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi wa mabomba."

Akacheka mpaka mwenye bucha akachungulia. "Mabomba. Haya, fundi wa mabomba, fungua. Lakini leo ni Ijumaa, adhana ikianza nafunga duka, na wewe ukiwa ndani nakufungia na hizi saa."

Kama umewahi kutoa kipande cha bomba kilichovunjikia ndani ya ukuta, unajua hiyo hofu. Huoni kitu, unasikia na vidole. Ukivuta, unaharibu meno. Ukizungusha upande mbaya, unakaza. Nilimwomba kipande cha tyubu ya baiskeli, kikanisaidia kushika ile plastiki bila kuteleza, nikazungusha kushoto, polepole, sipumui. Haikusonga. Ishmael alikuwa anapanga rimoti zake kwa rafu na kuniangalia kwa jicho moja. Nikajaribu tena. Nikasikia kitu kimelegea, kadogo sana, kama meno ya mtu mzee yakiachia mfupa. Kikatoka. Shingo ya mashine ilikuwa ya chuma, na meno yake ni membamba kama nywele, na yalikuwa mazima.

Sasa kuchagua. Nikaanza kutupa kando zote zenye tumbo laini ndani, zile za kusukuma. Ishmael akachukua moja ya hizo, akaisukumia kwa shingo mbele ya macho yangu. Ikaingia.

"Si hii hapa? Umeona?"

Nikaigusa na kidole. Ikajizungusha yenyewe, ikateleza. "Hii itaanguka Baba akigeuza kichwa."

"Kwani babako anacheza densi?"

"Kesho atageuza kichwa sana."

Zilizobaki zilikuwa na meno, na hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu kwa macho zilikuwa moja. Nikajaribu ya kwanza. Ikashika, ikazunguka mara moja, halafu ikagoma. Fundi wa mabomba anajua hiyo kugoma. Ni meno mapana yamepanda meno membamba, na ukiongeza nguvu kidogo tu unasikia kama imekubali, na kumbe imekula. Nikarudi nyuma. Ishmael akasema kaza. Nikasema hapana. Akasema, "Nyinyi mliosoma mnaogopa vitu," na huko juu kipaza sauti cha msikiti kikapiga makofi, mtu akikijaribu.

Nikachukua nyingine. Ikagoma. Nyingine ilikuwa na ufa. Mikono yangu ilikuwa imeanza jasho, na jasho ni adui wa plastiki ndogo, nikawa napangusa vidole kwa sketi. Halafu moja, ya rangi ya maji ya mchele kidogo, ikaingia. Ilizunguka laini, ikashuka mpaka chini, ikakaa ikitazama mbele kabisa mahali ndoano inafaa kutazama. Haikuomba nguvu yoyote.

"Hii," nikasema.

Ishmael akainua kwa mwanga. "Lakini iko na uchafu ndani." Kweli, katikati ya tundu kulikuwa na kitu cha kijivu, kama kawavu. Akachomoa sindano kwa kola yake. "Nitakuzibulia."

Na mimi karibu nimwache, kwa sababu kuziba ni kuziba, na kazi yangu ni kuzibua. Lakini nilikumbuka kipande. Nikafungua ile karatasi ya choo, nikachukua ile nusu iliyobaki kwa mrija, nikaangalia tundu lake kwa mwanga. Kawavu kale kale, ka kijivu, kamekaa mahali pale pale. Kampuni haiwezi kuweka uchafu kwa ndoano mbili kwa kipimo kimoja. Hicho ni kichujio, sauti inapita hapo ili isimpige mtu kofi la sikio.

"Rudisha sindano yako," nikamwambia. "Hiyo ni mali."

Adhana ikaanza. Ishmael alianza kufunga mbao za dirisha huku bado nahamisha mrija kwa ndoano mpya. Nikaweka betri, ile ya kibandiko cha buluu, nikafunika mashine na viganja viwili. Ikapiga mluzi. Mashine nzima ikifunikwa hivyo hulia; mluzi ni uhai. Kama ingekuwa mtu ningemkumbatia. Nikamlipa Ishmael, na akanitupia ndoano nyingine, ile iliyogoma, iwe nyongeza.

"Uweke kama spea," akasema.

"Haitoshi hii mashine."

"Siku moja itatosha," akasema, akakimbilia maji ya kutawadha.

Baba alikuwa ameketi nje ya nyumba nilipofika Kangeta. Nikamvalisha mashine. Ndoano ikalala juu ya sikio vizuri. Nikaenda nyuma yake mpaka karibu na zizi, nikasema kwa sauti ya kawaida, "Baba, chai iko tayari."

"Kwani imepoa ndio unainong'onezea huko zizini?" akasema.

Mama akaweka apron kwa macho. Tulikula, tukapanga viti, na kile kiti cha mbele Baba mwenyewe alikibeba akakiweka.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu, ule wetu wa Nyambene unaoingia mpaka jikoni. Mutugi akatuma ujumbe wamefika Meru, na baadaye wamepita Kianjai. Mimi nilikuwa nimevaa nusu, kitambaa kimoja kiko kwa kichwa na kingine Mama anatafuta pini. Baba akatoka chumbani akiwa na suti yake ya kahawia. Nikamwambia amependeza. Akaniangalia mdomo.

Nikarudia. Akaniangalia mdomo tena, na akagusa sikio na mkono wake mwenyewe, polepole, kama mtu anayepapasa mfuko uliochanwa.

Nikatoa betri, nikaweka mpya. Hakuna. Nikafunika na viganja. Hakuna mluzi, hakuna hata pumzi. Na wakati huo huo magari yakapiga honi huko barabarani, na mashangazi wakaanza kukimbilia kwa geti.

Baba Mkubwa Mwongera alikuwa amefika mapema kuliko wote, na akasimama kwa mlango na fimbo yake. Hakucheka. Ningependa angecheka. Aliongea kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

"Mpwa wangu amejaribu," akamwambia Mama, eti mpwa, kama mtoto wa dada, na mimi ni mtoto wa ndugu yake. "Vitu vya kuokota kwa mikebe Majengo ni hivyo. Kinoti akae hapa ndani apumzike. Mimi nitaketi."

"Ngoja," Mama akasema.

"Celina, wageni wako kwa geti."

"Wageni wa geti wanaimba kwanza," Mama akasema, na akanigeukia. "Nitawaweka huko. Lakini hawa ni Waembu, sijui wana nyimbo ngapi. Fanya haraka."

Akatoka akifunga leso kiunoni. Kwetu wageni wa harusi hawafunguliwi mpaka waimbe mpaka wenye boma waridhike, na Mama yangu akitaka kutoridhika anaweza. Nikasikia mashangazi wakianza kuwauliza kwa wimbo wametoka wapi na wanataka nini, na Waembu wakijibu, kwanza kwa nguvu.

Mimi nilikuwa na mashine mkononi na kichwa changu kimejaa nyuki. Nilichoona tu ni kwamba nimechagua vibaya. Imeingia laini, imekaa vizuri, na bado si yake. Nikakumbuka ile spea. Ilikuwa kwa mkoba wangu. Baba Mkubwa akaiona nikiitoa.

"Hiyo nyingine ni ngumu," akasema. "Ndiyo inafaa. Kitu kikiwa kigumu ndio kinashika. Kaza hiyo."

Na nitawaambia ukweli, niliifikisha kwa shingo. Nilikuwa nimeshatoa ile nzuri, na nikaanza kuzungusha hii, na ikashika ile mara moja, na ikagoma. Huko kwa geti mtu alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisa, kumaanisha zile za harusi zimeisha. Mkono wangu ulitaka kuongeza nguvu. Kidogo tu.

Nikaacha. Nikairudisha nyuma, nikaitupa kwa kitanda. Kwa mabomba, nyumba ikikosa maji huvunji ukuta. Unaanzia kwa tangi. Nikafunika mashine peke yake na viganja, bila ndoano, bila mrija, shingo tupu.

Ikapiga mluzi mpaka Baba Mkubwa akarudi nyuma.

Tangi liko na maji. Basi kilichoziba ni paipu. Nikainua mrija kwa dirisha, na hapo ndani, katikati, kulikuwa na tone limekaa kama yai. Tone la maji safi. Nikaangalia ndoano. Kawavu kamelowa, kanang'aa.

"Maji yametoka wapi?" nikauliza, sijui nilikuwa namuuliza nani. Kisha nikaona kwa stuli, kando ya kitanda cha Baba. Kulikuwa na jani la ndizi, bichi kabisa, limekunjwa vizuri pembe kwa pembe, na kamba ya gome kando yake. Nikalifunua. Ndani lilikuwa limetoa jasho, matone mazima mazima, kama vile jani la ndizi linafanyanga usiku kucha likifunika kitu.

Mashine ya Baba inafaa kulala kwa kasha lake lenye tembe za kukausha. Kila siku inalala hapo. Nikamwinulia jani. Nikamuuliza na mikono na mdomo.

Baba akaangalia chini. "Niliona umehangaika sana kuipata," akasema, na kwa sababu hajisikii akaisema kwa sauti kubwa, watu wa sebuleni wote wakasikia. "Nikataka isikauke ipasuke tena. Kitu kizuri kinafungwa hivyo."

Miaka yote hiyo ya kufunga miraa ya watu, ya kuifanya ifike mbali ikiwa bichi. Na kitu chake kizuri kuliko vyote akakifunga vile anajua.

Sikuwa na wakati wa kulia. Nikatoa mrija kwa ndoano, nikaupuliza kwa nguvu, tone likaruka likaenda kugonga suti ya Baba Mkubwa. Mrija ulikuwa sawa. Ndoano ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu kawavu hakapulizwi, unaweza kukang'oa. Shangazi mmoja alichungulia akasema niikaushe juu ya jiko. Nikamwambia ndoano ikipata moto itanyooka iwe sindano. Nikaikung'uta kwa hewa vile nesi anakung'uta kipimajoto, nikaigusa na ncha ya leso kavu, nikaikung'uta tena, nikaificha kwa ngumi yangu ipate joto, kama kifaranga, nikaikung'uta. Kwa geti sauti ya mzee mmoja wa Kanja, Njagi, mjomba wa Mutugi, ikapanda juu ya wimbo.

"Mama wa hapa, tumeimba mpaka za watoto wa Sunday school. Tufungulie hata tuingie kama kuku."

"Kuku hawalalamiki hivyo," Mama akamjibu, na mashangazi wakacheka, na hiyo ikaninunulia muda mwingine.

Nikafunga ndoano kwa shingo. Ilishuka laini, kama ilivyokuja nyumbani jana. Nikamvalisha Baba.

"Unanisikia?"

Akainamisha kichwa. "Kama redio ya jirani," akasema. "Iko mbali."

"Itakaribia ikizidi kukauka."

"Na kama haitakaribia?"

Geti lilikuwa limefunguliwa.

Wageni waliingia wamelowa ukungu. Mutugi alikuwa amebeba nchoolo na mikono yote miwili, mbali na kifua, vile mtu anabeba mtoto aliyejikojolea. Baba akaenda akaketi kwa kiti chake. Baba Mkubwa akaketi kando yake, kiti chake kimesogezwa mbele kidogo. Mzee Njagi akasema maneno ya wageni, furushi likawekwa chini, nikaitwa. Nikasimama mbele ya watu wote.

"Kabla hajauliza," Baba Mkubwa akasema, kwa sauti ya heshima kabisa, "wageni wajue ndugu yangu anasikia na mdomo. Anasoma midomo, ni hodari. Lakini huko si kusikia. Huku kwetu tunataka sikio."

Mzee Njagi akamwangalia Mutugi, Mutugi akaniangalia mimi. Baba alikuwa amemsoma kaka yake, ama alikuwa amemsikia, sikuweza kujua. Akainuka, akageuza kiti chake, akaketi akitazama ukuta. Mgongo wake ulikuwa kwetu sote. Nikaona mashine nyuma ya sikio lake la kulia, na ndoano imekaa juu, inang'aa.

"Karwirwa," akaambia ukuta. "Nifungue ama nisifungue?"

Neno moja la kukubali halingetosha. Baba Mkubwa angesema amebahatisha, kila mtu anajua msichana husema nini. Na singeweza kupaza sauti. Nikavuta pumzi na nikasema kwa ile sauti ya chini, ile ile ya aibu inayotakiwa:

"Fungua, Baba. Lakini umwonyeshe Mutugi upande wa kutafuna, asije akala kamba."

Mgongo wa Baba haukusonga. Nilisikia jiko likitoa cheche huko nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameshika mkono wa shangazi na shangazi alikuwa anaumia. Baba Mkubwa akaanza kuinua mkono kwenda kwa furushi.

Halafu mabega ya Baba yakatingika. Alikuwa anacheka. Alicheka peke yake, mbele ya ukuta, kabla ya mtu mwingine yeyote, na ndipo wengine wakafuata kwa sababu nao sasa walikuwa wamekumbuka nilichosema. Akageuza kiti.

"Hatakula kamba," akasema. "Nitamwangalia. Leteni kisu."

"Alibahatisha," Baba Mkubwa akanong'onea mzee aliyekuwa nyuma yake.

"Sikubahatisha, Mwongera," Baba akasema bila kugeuka. "Kisu kiko karibu na wewe. Nipitishie."

Na Baba Mkubwa akampitishia.

Baba alikata kamba, akafunua majani moja moja, akachagua kijiti chekundu chenye ncha laini, akakichuna na kucha, akampa Mutugi. Mutugi akatafuna na macho yamefungwa. Baadaye akaniambia ni kama kutafuna fensi ya nyumba yenu. Mzee Njagi akaomba chai yenye sukari nyingi.

Kwa hivyo hiyo ndiyo habari kubwa. Nimeposwa. Jumatatu nilimpeleka Baba kliniki, fundi akaangalia ndoano akasema ni yenyewe, akauliza nani aliichagua. Na jioni, nilipopita chumbani, nilimwona Baba ameketi kwa kitanda na mashine kwa kiganja. Kando yake kulikuwa na jani moja la nchoolo ya Mutugi, amelihifadhi. Akaliangalia, akaangalia kasha, akaangalia jani tena. Nikakohoa kwa mlango; hakuwa na la kusikia nalo, lakini kivuli changu kikaangukia kitanda.

"Nimekusikia," akasema, na akaweka mashine kwa kasha.